Mfuko Ubaki Dukani, Tai Iende

Mvua zikikatika Mbale, kuanzia Desemba hadi kuikaribia Machi, vumbi la barabara za mji halichagui pa kutua. Linatua juu ya nyanya, juu ya mikate, juu ya viatu vilivyong'arishwa alfajiri, na linatua juu ya tai. Nyanya huoshwa, viatu hupigwa brashi. Tai ina shida yake. Ukiiloweka kwenye beseni kama shati itatoka imejikunja kama mkia wa kinyonga, kitambaa cha ndani kimekwenda upande wake na cha nje upande wake, na hakuna pasi itakayoirudisha ilivyokuwa.

Kwa hiyo muuza tai hana nafasi ya kuiacha bidhaa yake ichafuke kwanza halafu aisafishe. Lazima aikinge tangu siku ya kwanza. Na kwa kuwa hakuna mteja anayenunua tai asiyoiona, kinga hiyo ni lazima ipitishe macho. Hapo ndipo ulipoingia mfuko wa nailoni: mrefu, mwembamba, unaoonyesha, wenye kulabu au kitundu cha kuning'inizia. Leo karibu kila tai mpya ya ofisini imeuvaa, kuanzia maduka ya Main Street mjini Jinja hadi vibanda vya jirani na soko kuu la Mbale. Kazi ya mfuko huo kila mfanyabiashara anaifahamu, na mfuko unaifanya vizuri. Ubaya wake huanza kazi ikishakwisha, na pale Mbale ubaya huo una mahali pa kuutafuta: kwenye kingo za mto Nabuyonga.

Tuanze na tai yenyewe, maana wengi tunaifunga kila asubuhi bila kujua ilivyojengwa. Kitambaa chake hukatwa mshazari, kwa pembe ya digrii 45, ili kivutike kidogo fundo linapokazwa na kurudi mahali pake fundo likifunguliwa. Njia hii ya kukata mshazari na kuunganisha vipande vitatu ilipewa hataza katika miaka ya 1920 kwa jina la Jesse Langsdorf, mshonaji tai wa New York, na tai nyingi duniani zinaifuata hadi leo. Tai za kabla yake zilikuwa na tabia ya kujipinda kifuani na kuchakaa upesi kwenye fundo. Ndani mna kitambaa kingine kizito, cha sufu au cha poliesta, kinachoipa unene. Mgongoni hupita uzi mmoja mrefu, umeshonwa kwa kulegezwa kutoka ncha moja hadi nyingine, ili vitambaa hivyo viwili viteleze kimoja juu ya kingine bila kukatika. Igeuze tai iliyoshonwa vizuri, utaona mwisho wa uzi huo umeachwa kitanzi kidogo. Tafadhali usikikate. Wapo wanaodhani fundi amesahau uzi, wanaukata kwa wembe, kisha wiki ya pili wanalalamika kwamba wameuziwa tai mbovu.

Kitu kilichoshonwa kwa kulegea namna hiyo hakivumilii kukunjwa na kulaliwa. Tai iliyokaa miezi mitatu chini ya rundo la mashati hubaki na alama ya kunjo katikati ya kifua, na alama hiyo ndiyo mteja anayoiona kwanza. Hariri ina udhaifu wa ziada: tone moja la maji huacha doa lenye ukingo. Katika hewa ya kawaida, hariri hubeba unyevu wa karibu asilimia 11 ya uzito wake, wakati poliesta haifiki hata asilimia 1. Ndiyo maana hariri hukunjamana na kuota koga, ilhali poliesta, ambayo ndiyo nyingi katika maduka yetu, hupita katikati ya mvua na kutoka salama. Lakini poliesta nayo ina lake. Ikisuguliwa hujaa umeme tuli, na umeme huo huvuta vumbi. Muuzaji anayeipangusa kwa mkono ili aisafishe anaiongezea nguvu ya kukusanya vumbi jingine.

Jinja na Mbale hazifanani katika jambo hili, ingawa kutoka mji mmoja kwenda mwingine kwa barabara ya Tirinyi ni safari ya saa chache tu. Jinja imekaa kwenye chanzo cha Nile, ziwa liko mlangoni, na hewa yake ina unyevu karibu mwaka mzima. Tai ya hariri iliyofungiwa kwenye nailoni isiyopumua kule Jinja inaweza kuota madoa ya koga ndani ya mfuko uliokusudiwa kuilinda. Mbale iko chini ya mwamba wa Wanale, na wakati wa kiangazi adui wake ni vumbi. Mfanyabiashara mwenye maduka miji yote miwili akitumia mfuko uleule kotekote atakuwa ameitibu miji miwili kwa dawa moja.

Na jua? Hapo mfuko unaoonyesha hausaidii chochote. Rangi ya kitambaa huliwa na mwanga, na nailoni angavu huupitisha mwanga kama ilivyo kazi yake. Pita kwenye duka lolote linaloning'iniza tai dirishani upande wa magharibi, uliza ile iliyokaa hapo tangu mwaka jana, kisha ikunjue. Upande uliotazama barabara na upande uliotazama ndani vitakuwa na rangi mbili.

Nani basi hununua tai zote hizi? Wa kwanza ni mzazi. Mwaka wa masomo wa Uganda huanza mwanzoni mwa mwaka, na orodha ya sare ya shule nyingi za sekondari, za misheni na za watu binafsi, ina tai yenye milia ya shule. Wa pili ni mtumishi wa serikali. Mwezi Julai 2017, Wizara ya Utumishi wa Umma ya Uganda ilitoa waraka wa mavazi uliowataka wanaume wavae suruali nadhifu, shati la mikono mirefu, koti na tai. Wa tatu ni bwana harusi pamoja na kundi lake lote la wasimamizi, ingawa katika sherehe za kutambulishana ukweni kanzu na koti bado vinatawala, na kanzu haihitaji tai.

Jirani zetu nao wameipa tai uzito wa kisiasa. Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, ambaye kwao Bungoma ni ng'ambo tu ya mlima Elgon ukitokea Mbale, aliwakataza wabunge kuingia ukumbini na suti za Kaunda, ambazo huvaliwa bila tai. Zaire, Kongo ya leo, ilikwenda kinyume kabisa. Rais wake Mobutu Sese Seko, katika kampeni yake ya uhalisi ya miaka ya 1970, aliifukuza tai nchini na kuwavika wanaume abakosti, koti lisilo na tai. Ilisubiriwa hotuba yake ya tarehe 24 Aprili 1990, ile ya kuruhusu vyama vingi, ndipo raia wakaambiwa kwamba tai sasa ruksa. Sijui nchi nyingine ambayo vyama vya upinzani na kipande cha kitambaa cha shingoni vilifunguliwa katika hotuba moja.

Turudi dukani. Tai ya shule, ambayo ndiyo hupata mateso kuliko zote, ambayo itafungwa na mtoto siku tano kwa wiki, itatumika kufutia kalamu na kupigania uwanjani, huuzwa bila kifungashio chochote. Huletwa dazani kwa dazani zimefungwa kwa uzi au ukanda wa karatasi, muuzaji huchomoa moja na kumkabidhi mzazi mkononi. Tai ya harusi, itakayovaliwa kwa saa nane na pengine isivaliwe tena, hupewa boksi gumu lenye dirisha la plastiki, ndani mmetandikwa kitambaa chenye kung'aa, na pembeni mna leso ya mfukoni na vifungo vya mikono. Kati ya hizo mbili kuna tai ya ofisini, ndani ya mfuko wake wa nailoni na kadi ya karatasi ngumu inayoishikilia isipinde. Ukiziweka zote tatu kwenye kaunta utagundua kwamba ukubwa wa kifungashio unapimwa kwa bei anayotaka kuitaja muuzaji, na haja ya tai ya kulindwa haimo kabisa katika hesabu.

Kuna pia vibomba vya plastiki ngumu ambavyo tai huviringishwa na kuingizwa ndani yake. Vinapendeza kwenye rafu na vinaiacha tai bila kunjo, maana kuviringisha ndiyo njia bora ya kuhifadhi tai isiyoning'inizwa. Lakini angalia vimetengenezwa kwa nini. Vingi vya bei nafuu ni vya PVC, plastiki ambayo ikizeeka hugeuka manjano, hutoa harufu, na ile laini hutoa kitu chenye kunata. Wahifadhi wa nguo katika majumba ya makumbusho wamekuwa wakiikwepa PVC kwa miaka mingi kwa sababu hiyo. Mfuko wenye sauti ya kukwaruza kama karatasi ya pipi kwa kawaida ni polipropilini, na huo hauna madhara kwa kitambaa. Pua na masikio yako yanatosha kutofautisha hizo mbili, huhitaji maabara.

Sasa tuseme lile ambalo wafanyabiashara hawapendi lisemwe. Mfuko wa nailoni umekuwa cheti cha upya. Mteja wa Mbale au Jinja akiona tai ndani ya mfuko safi wenye kadi, anaamini haijawahi kufungwa shingoni mwa mtu. Imani hiyo ina thamani ya fedha, na palipo na fedha hakukosi mjanja. Tai ya mtumba iliyochaguliwa vizuri kutoka kwenye robota, ikapigwa pasi kwa mvuke juu ya kitambaa, ikaingizwa kwenye mfuko mpya, inaweza kuuzwa kwa bei ya tai mpya. Mifuko mitupu nayo ni bidhaa ya jumla kama nyingine yoyote. Dawa ya ujanja huu ni kuichomoa tai na kuitazama pale fundo linapokaa, kama sentimeta 30 hadi 40 kutoka ncha nyembamba na tena kwenye upande mpana. Tai iliyofungwa mara nyingi huwa na makunyanzi madogo ya kukatisha hapo, na nyuzi zake hung'aa kwa kusuguliwa. Muuzaji akikataa kuichomoa kwa kisingizio cha kuharibu mfuko, amekwisha kukujibu.

Sisemi hivi kwa kuchukia mitumba. Tai nyingi za hariri za kweli katika miji hii zimekuja kwa robota, na kwa bei ambayo mwalimu anaimudu. Agosti 2023, Rais Yoweri Museveni alikuwa hapohapo Mbale, katika eneo la viwanda la Sino-Uganda, alipotangaza kwamba anaipiga mitumba vita kwa kuwa, kwa maneno yake, ni nguo za watu waliokufa. Wauza mitumba bado wapo. Mtumba unaouzwa kama mtumba, wazi, ukining'inia kwenye kamba bila mfuko, ni biashara ya haki. Lawama yangu iko kwa mtumba uliovishwa nailoni ili ujifanye mgeni kutoka kiwandani.

Tai mpya zenyewe zinatoka mbali. China ina mji unaoitwa Shengzhou, katika jimbo la Zhejiang, ambao umejijengea jina duniani kwa kushona tai. Kutoka bandari za huko hadi Mombasa, kisha kwa lori hadi Malaba au Busia, kontena hupitia joto, baridi na jasho la bahari. Safari hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kiwanda huingiza kila tai ya ofisini kwenye mfuko wake na kutupia kijipakiti cha chembe za silika zinazonyonya unyevu. Mfuko ulibuniwa kwa ajili ya kontena. Ulipofika Jinja ukabaki mwilini mwa tai kwa mazoea, ukawa mapambo ya dukani, ukawa cheti, halafu ukawa taka.

Wazee wa miji hii wanakumbuka utaratibu mwingine. Jinja na Mbale zilikua kama miji ya maduka, sehemu kubwa yakiwa ya Wahindi, na duka la nguo la heshima lilikuwa na kabati la kioo mbele na droo pana nyuma ya kaunta. Jinja ilikuwa pia mji wa vitambaa. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na umeme wake ukaendesha kiwanda cha Nyanza Textile, NYTIL, ambacho jina lake lilisomwa kwenye pindo za vitambaa nchi nzima. Mbale nayo ilikuwa na kiwanda chake, African Textile Mill. Katika maduka yale tai zililala ndani ya droo au zilining'inia ndani ya kabati. Vumbi lilikutana na kioo likaishia hapo. Mteja alinyoosha kidole, muuzaji akafungua, akaitoa, akaikunja fundo la mfano juu ya ngumi yake ili rangi ionekane ilivyo kifuani. Aliponunua, alifungiwa karatasi. Kifungashio cha kulinda kilikuwa mali ya duka na kiliishi miaka 20.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka. Maduka yakabadilisha mikono, bidhaa zikaadimika, na muuzaji wa enzi zilizofuata akahamia barazani na kwenye kibanda ambacho asubuhi kipo na jioni hakipo. Huwezi kubeba kabati la kioo kichwani. Mfuko wa nailoni unabebeka, na ulimpa mchuuzi wa barabarani kitu ambacho zamani kilihitaji duka zima: tai inayoonekana na isiyoshikwa na vumbi. Hiyo ni sifa ya kweli na sitaki kuipunguza. Mchuuzi anayetembea na tai 30 mkononi chini ya mawingu ya Wanale, ambapo mvua huja bila kubisha hodi, ana haki ya kuwa na nailoni kuliko mwenye duka lenye milango na dari.

Tatizo ni mlango wa kutokea. Mteja akinunua, huchana mfuko palepale barabarani, akafunga tai au akaitia mfukoni, na nailoni ikaachiliwa. Haina uzito. Upepo huichukua, mtaro huipokea, na mitaro ya Mbale huelekea mtoni. Nabuyonga unashuka kutoka miteremko ya Wanale, unapita katikati ya mji, kisha unaelekea kwenye mabonde yenye majimaji upande wa Namatala, na maji ya huko safari yake ni Ziwa Kyoga. Mji huu wakati mmoja ulisifiwa kuwa msafi kuliko yote Uganda, na wenyeji wa umri fulani hawachoki kukukumbusha. Leo ukisimama kwenye daraja lolote la Nabuyonga baada ya mvua utaona kile ambacho mji umeamua hakiuhusu: chupa, mifuko, vipande vya nailoni vimejifunga kwenye mizizi.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, Nabuyonga na mito mingine ya Mbale ilifurika. Watu zaidi ya 20 walikufa, nyumba na barabara zikachukuliwa na maji. Mvua ilikuwa kubwa mno, miteremko ya juu imelimwa, na watu wamejenga hadi ukingoni. Tai haikuleta mafuriko yale, tusidanganyane. Lakini mtaro ulioziba haumwulizi mkazi kama nailoni imetoka kwenye tai au kwenye maandazi, na mji uliokwisha kuzika watu kwa sababu ya mto hauna sababu ya kuendelea kuulisha mto huo taka ambazo hazihitajiki.

Sheria zipo. Uganda ilitangaza katika bajeti ya mwaka 2007 kupiga marufuku kaveera, yaani mifuko myepesi ya plastiki, ile yenye unene chini ya mikroni 30, ikarudia katika sheria ya fedha ya mwaka 2009, kisha ikaliweka jambo hilo katika Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019. Mikroni 30 ni nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Marufuku tatu katika miaka 12, na kaveera bado iko sokoni. Mwenye macho atahukumu. Kenya ilikuja na makali zaidi tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini inayofika shilingi milioni nne au kifungo cha hadi miaka minne, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019.

Ila nchi hizi zilipambana hasa na mfuko wa kubebea. Mfuko unaovalishwa bidhaa kiwandani ulipita kwa mlango mwingine, kwa jina la kifungashio. Tanzania ilijifunza upesi mahali penye tundu: baada ya mifuko ya rambo kuondoka, wauzaji walianza kutumia vifungashio vile vyepesi visivyo na mikono kubebea bidhaa, na Baraza la Mazingira, NEMC, likalazimika kuanza kuvisaka navyo. Mfuko wa tai umekaa ndani ya tundu hilohilo. Ni mwembamba, hutumika kwa muda mfupi, na hakuna askari atakayemsimamisha mtu kwa ajili yake.

Kwa hiyo tusingoje askari. Hoja yangu ni ya kibiashara. Tuseme duka moja la Mbale linauza tai 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Mwaka mzima hiyo ni mifuko 3,120 kutoka mlango mmoja. Duka hilohilo halionyeshi zaidi ya tai 150 kwa wakati mmoja. Likinunua mifuko 150 mizito, ile inayoshonwa ukingoni na yenye kulabu imara, na kila tai inapouzwa ikavuliwa mfuko na nyingine ikavishwa, mahitaji ya mwaka mzima yanashuka hadi hiyo 150 na michache ya akiba kwa itakayochanika. Tai inalindwa sawasawa. Kilichobadilika ni kwamba kinga inabaki kwa anayeihitaji. Mteja kwake anatundika tai kabatini au anaiviringisha na kuiweka kwenye droo; nailoni haimpi chochote baada ya kufika nyumbani, na kama tai ni ya hariri inamdhuru.

Pingamizi la kwanza nalijua: tai zinafika zimekwisha kuvishwa kiwandani, sasa mifuko hiyo itakwenda wapi? Jibu liko kwenye tai ya shule. Ile hufika dazani kwa dazani bila mfuko wa mojamoja, na hakuna mzazi aliyewahi kuikataa. Wauzaji wa jumla wanaweza kuagiza tai za ofisini vivyo hivyo, dazani ndani ya mfuko mmoja mkubwa na karatasi kati ya tai na tai. Kiwanda kitafurahi, maana mfuko na kadi ni gharama zake pia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mteja anataka kushika. Tai hununuliwa kwa vidole kabla ya macho kumaliza, na mfuko wowote, mzito au mwepesi, unamkera. Wauzaji wajanja wamekwisha kulitatua kwa kuacha tai moja ya kila kitambaa wazi kwenye kaunta, ishikwe, ifungwe, ichafuke, na mwisho iuzwe kwa bei ya kutupa. Nyingine hukaa kwenye kinga yao. Usiku, kabla ya kufunga, kinachofaa kuliko nailoni zote ni leso moja pana au shuka la pamba lililotupwa juu ya kiango chote. Pamba inapumua, inazuia vumbi na mwanga wa alfajiri, na Jumapili inafuliwa.

Kuhusu karatasi nina tahadhari. Karatasi ya kaki ya kawaida inatosha kumfungia mteja tai ya kwenda nayo nyumbani, lakini usihifadhi hariri nyeupe ndani yake mwaka mzima, kwa sababu asidi ya karatasi ya bei nafuu hupaka manjano. Wengine wanapendekeza maganda ya mgomba na vitambaa vya gome la mutuba, lile gome la Buganda ambalo UNESCO ililitambua mwaka 2005. Kwa boksi la zawadi ya harusi ni wazo zuri na lina heshima ya nyumbani. Ndani yake tandika kwanza pamba nyeupe, maana gome lina rangi yake na linaweza kuiachia tai.

Boksi lenye dirisha la plastiki, hilo mimi nalihukumu bila huruma. Karatasi yake haitumiki tena kwa kuwa imegundishwa plastiki, plastiki yake haitumiki tena kwa kuwa imegundishwa karatasi, na tai iliyomo imekunjwa mara nne. Lina kazi moja tu, kupandisha bei.

Serikali ya jiji la Mbale, lililopewa hadhi hiyo pamoja na Jinja tarehe 1 Julai 2020, inaweza kusaidia kwa jambo dogo: sanduku la kurudishia mifuko ya nguo kwenye lango la soko kuu, ili mchuuzi asiye na duka apate mifuko mizima bila kununua mipya. Lakini usiisubiri. Jumamosi hii ukinunua tai Jinja au Mbale, ichomoe palepale kaunta, ikague mahali pa fundo, igeuze uone uzi wake wa mgongoni, lipa, kisha mrudishie muuzaji mfuko wake. Akikataa kuupokea, vuka barabara ukanunue kwa jirani yake.